Mwongozo Kamili: Kuoanisha Data za Hali ya Maisha Zinazoathiri Afya, Kuanzia Dodoso hadi DHIS2

Kila robo mwaka mambo ni yale yale. Zahanati moja imeandika "maji ya bomba", ya pili "NDIYO", ya tatu namba 1, ya nne imeacha wazi. Mtunza takwimu anaziunganisha usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, zote anazigeuza kuwa "ana maji safi", na ripoti inapanda ngazi. Kuhara kukiibuka kwenye mtaa ambao ripoti ilisema una maji, hakuna anayeweza kueleza namba ile ilitoka wapi.

Kosa hilo huwa limeshafanyika kabla kompyuta haijawashwa: vituo viwili vimeuliza vitu viwili tofauti na kuvipa jina moja. Ndiyo maana hatua nyingi hapa ni za swali na maana yake, na misimbo ya kimataifa inakuja kuchelewa. Wengi huanza na misimbo, na hapo ndipo wanapokwama.

Kuoanisha ni kuzifanya data za vituo vyote zibebe maana moja kabla ya kuingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya. Mwongozo ni wa watunza takwimu wa vituo na halmashauri, waratibu wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) na maafisa ustawi wa jamii. Mifano ni ya Jiji la Tanga na jirani zake Muheza, Mkinga na Pangani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Madodoso yote yaliyowahi kutumika, kila toleo, yakiwa na maneno ya swali kama yalivyosomwa kwa mhojiwa. Vichwa vya safu za Excel havitoshi. "Maji" si swali.
- Data ghafi, haijasafishwa na mtu yeyote.
- Orodha ya vituo yenye namba rasmi za Rejesta ya Vituo vya Afya, pamoja na orodha ya kata, mitaa, vijiji na vitongoji.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice. Programu ya gharama haihitajiki.
- ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na matatizo ya kiafya) toleo la Shirika la Afya Duniani, linasomeka bure mtandaoni, na LOINC (orodha ya misimbo ya maswali na vipimo), ambayo ni bure ukijisajili.
- Kalenda yenye miezi ya Kiislamu na awamu za mwezi. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.
- Watu: mtunza takwimu, muuguzi, afisa ustawi wa jamii, na WAJA angalau wawili, mmoja wa mjini (tuseme Makorora) na mmoja wa pwani au mashambani (Tongoni, au vijiji vya mkonge). Ukiwakosa WAJA usianze.
- Utaratibu wa ulinzi wa taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Kama kazi ni ya utafiti na si ya huduma ya kawaida, kibali cha maadili ya utafiti kinatangulia.

Kwa maswali kumi tenga wiki tatu za kazi. Anayekuahidi siku tatu anazungumzia kunakili, si kuoanisha.

## Hatua ya 1: Punguza maswali

Andika mambo yote ambayo kituo kingependa kuyajua: maji, choo, chakula, makazi, elimu, kazi, bima, umbali wa kituo, ulemavu. Kisha kwa kila moja jibu hili: jibu likiwa baya, nani atafanya nini ndani ya mwezi mmoja? Likikosa mwenyewe, lifute.

Sababu ni ya kiutendaji. Mama akiulizwa kuhusu njaa mara tatu kwa mwaka na hakuna kinachofuata, mara ya nne atajibu lolote ili mdodosaji aondoke, na jibu hilo hakuna kompyuta itakayolisafisha.

Onyo: ukatili wa nyumbani usiuwekee swali kwenye dodoso la kaya linaloulizwa barazani mbele ya wakwe na wapangaji. Unahitaji faragha, mdodosaji aliyefundishwa na njia ya rufaa iliyo tayari, ikiwemo Dawati la Jinsia la polisi. Bila hayo matatu, acha.

Umefaulu ukiwa na: maswali yasiyozidi kumi, kila moja likiwa na cheo cha mtu anayelifanyia kazi.

## Hatua ya 2: Funga data ghafi

Tengeneza nakala mbili za kila faili. Moja iweke kwenye folda isiyoandikika, nyingine ndiyo ya kazi. Jina la faili libebe namba ya kituo, mwaka, mwezi na toleo la dodoso.

Excel ina mitego miwili hapa. Inahifadhi tarakimu 15 tu za namba, na namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiifungua faili bila kuifanya safu hiyo kuwa maandishi, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na ukihifadhi ndiyo basi. Mtego wa pili ni tarehe: 03/04/2025 kwenye kompyuta moja ni Aprili 3, kwenye nyingine ni Machi 4. Andika 2025-04-03 kila mahali.

Namba ya NIDA usiifanye utambulisho wa kaya hata kama ipo. Tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo ukificha jina huku umeacha namba hujaficha kitu. Unda namba ya kaya ya kwenu, na orodha inayoiunganisha na majina ikae kwenye faili lingine lenye nywila.

## Hatua ya 3: Kubalianeni kaya ni nini

Hapa ndipo hesabu za mjini na za vijijini zinapoachana. Chukua nyumba ya kawaida ya Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, choo uani. Mwenye nyumba ana vyumba viwili, vilivyobaki wamepanga watu wanne tofauti, kila mmoja na jiko lake. Mdodosaji wa kwanza anaandika kaya 1 yenye watu 17, wa pili anaandika kaya 5. Wote wamefika nyumba moja.

Kanuni ya kutumia: kaya ni watu wanaoishi pamoja na kugawana gharama za maisha, kwa kawaida wanakula pamoja. Swali la uwanjani ni "Mnapika pamoja?" na si "Mnaishi nyumba moja?". Kwa jibu hilo, nyumba ile ina kaya 5.

Andikeni pia uamuzi wa mambo matatu yanayojirudia pwani:

- Mvuvi aliyekwenda dago (kambi ya uvuvi ya muda). Mhesabu kwenye kaya yake ya nyumbani kama hajapitisha miezi 6, na weka safu ya "yupo/hayupo leo". Namba 6 mnaweza kuibadilisha, ila iwe moja kwa halmashauri nzima.
- Mume mwenye wake wawili katika nyumba mbili. Kila mke na watoto wake ni kaya yake. Mume huhesabiwa alikolala usiku wa kuamkia mahojiano, asihesabiwe mara mbili.
- Kibarua wa mkonge anayelala kambini na kurudi kwao mwisho wa mwezi. Mfanyie kama mvuvi.

Umefaulu ukiona: WAJA wawili, kila mmoja peke yake, wanaipitia mitaa ileile na kurudi na idadi ileile ya kaya.

## Hatua ya 4: Andika kamusi ya data

Kamusi ya data ni jedwali moja, mstari mmoja kwa kila swali. Bila hilo kila kituo kitakuwa na kamusi yake kichwani. Safu za lazima ni jina fupi la safu (herufi ndogo, bila nafasi), maneno kamili ya swali, nani anaulizwa, kipindi kinachoulizwa, majibu yanayoruhusiwa na misimbo yake, kipimo (dakika, shilingi, watu), toleo, na tarehe toleo lilipoanza.

Mfano wa mstari mmoja:

- Jina: maji_dakika
- Swali: "Kwenda kuteka maji, kusubiri foleni na kurudi hapa, jumla mnatumia dakika ngapi?"
- Anayeulizwa: mtu anayeteka maji mara nyingi zaidi
- Kipindi: safari ya kawaida ya wiki hii
- Majibu: 0 hadi 300, 0 maana yake maji yako ndani au uani
- Kipimo: dakika

Sasa jambo linaloharibu faili nyingi kuliko yote: kisanduku kitupu. Kitupu kinaweza kumaanisha mhojiwa hajui, amekataa, swali halimhusu, au mdodosaji alisahau. Hayo ni mambo manne, na ukiyaacha yote wazi huwezi kuyatenganisha tena.

Desturi ya kuandika 88 kwa "hajui" na 99 kwa "amekataa" inafaa kwenye majibu ya kuchagua tu. Kwenye maji_dakika, 99 ni jibu halali la mtu anayetembea saa moja na nusu na zaidi, na wastani wako utaharibika kimyakimya. Kwa kila safu ya namba ongeza safu ya pembeni, maji_dakika_sababu, ya kuandikwa pale tu namba inapokosekana: HAJUI, AMEKATAA, HAIHUSU, HAKUULIZWA. Ni safu moja zaidi ya kujaza, na manung'uniko yatakuwepo. Vumilieni.

## Hatua ya 5: Swali la chakula, lisomeke sawa Sahare na Muheza

Kwa njaa tumia Kipimo cha Njaa ya Kaya, chenye maswali matatu na kipindi cha wiki nne zilizopita. Kilibuniwa ili kulinganisha watu wa tamaduni tofauti, na ni kifupi. Maswali yake kwa Kiswahili cha kusomwa:

1. Katika wiki nne zilizopita, kuna siku humu ndani hapakuwa na chakula cha aina yoyote kwa sababu hamkuwa na uwezo wa kukipata?
2. Katika wiki nne zilizopita, wewe au mtu yeyote wa kaya hii alilala na njaa kwa sababu chakula hakikutosha?
3. Katika wiki nne zilizopita, wewe au mtu yeyote wa kaya hii alikaa mchana kutwa na usiku kucha bila kula chochote kwa sababu chakula hakikutosha?

Kwa kila "ndiyo" uliza ni mara ngapi. Mara 1 hadi 10 ni alama 1, zaidi ya mara 10 ni alama 2, "hapana" ni 0. Jumlisha: 0 hadi 1 ni njaa kidogo au hakuna, 2 hadi 3 ni njaa ya wastani, 4 hadi 6 ni njaa kali. Hifadhi majibu matatu ghafi pamoja na jumla. Ukihifadhi jumla peke yake, huwezi kuikagua.

Mambo matatu ya huku pwani yanahitaji maelekezo ya maandishi kwa mdodosaji.

Chai. Watu wengi hawaihesabu chai kuwa ni kula. Mama atasema "leo hatujala" ilhali watoto wamekunywa chai na maandazi, na mwingine aliyeshindia uji wa chumvi atasema "tumekula, alhamdulillahi" kwa kusitiri. Kwa swali la 3 mdodosaji aseme wazi: "Kula chochote, hata uji, muhogo au chai yenye kitafunwa." Chai kavu peke yake isihesabiwe. Uamuzi huo uingie kwenye kamusi, la sivyo kila mdodosaji ataamua kivyake.

Ramadhani. Swali la 3 lina "kwa sababu chakula hakikutosha", lakini neno hilo humpita mhojiwa aliyefunga. Mdodosaji aongeze: "siyo kwa sababu ya kufunga". Hata hivyo mwezi huo wenyewe hubadili mambo, maana futari ya msikitini na ya majirani hufikia kaya ambazo miezi mingine hazifikiwi. Usikusanye ndani ya Ramadhani, na kwa kuwa swali linarudi nyuma wiki nne, subiri wiki nne baada ya Idd. Kama ratiba ya mfadhili haisubiri, andika mwezi wa Kiislamu kwenye safu yake na usilinganishe raundi hiyo na nyingine.

Mbalamwezi. Wapo wanaopunguza kipindi kuwa wiki moja ili mhojiwa akumbuke vizuri. Kwa kaya za wavuvi wa dagaa hilo ni kosa. Wanavua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, hivyo mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa na mfuko hukauka. Ukiuliza kuhusu wiki moja, jibu litategemea ulifika lini: mtaa uleule utaonekana umeshiba giza likiwepo na una njaa mwezi ukiwaka. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo wiki nne zinaubeba karibu wote. Msimu wa kusi na wa kaskazi bado utaleta tofauti, ndiyo maana tarehe ya mahojiano haifutwi hata faili likifupishwa.

Umefaulu ukiona: mdodosaji anasoma swali bila kuongeza maneno yake, na mhojiwa hahitaji kuuliza "una maana gani?".

## Hatua ya 6: Maji na choo kwa ngazi

Acha kabisa swali la "Mna maji safi?". Kila mtu ana maji safi mpaka uone kisima. Uliza chanzo, uliza dakika, halafu wewe ndiye upange ngazi kwa utaratibu wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF.

Kwa maji: chanzo kilichoboreshwa (bomba, kisima cha pampu, kisima au chemchemi iliyojengewa, maji ya mvua) na safari nzima isiyozidi dakika 30, foleni ikiwemo, ni ngazi ya msingi. Chanzo hichohicho kikizidi dakika 30 ni finyu. Kisima kisichojengewa ni duni. Mto, bwawa au mfereji ni maji ya juu ya ardhi. Ngazi ya juu kabisa, maji yanayosimamiwa kwa usalama, inataka yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika na yawe yamepimwa kuwa hayana uchafuzi. Kama hamjapima, msiitumie.

Chaguo mbili husahaulika. "Bomba la jirani" si "bomba la kwetu": jirani akisafiri au akikasirika, maji yamekwisha. Na maji ya mkokoteni au guta yanayouzwa kwa madumu ya lita 20 yawe na msimbo wake. Tangu mwaka 2017 utaratibu huo wa kimataifa unayahesabu maji ya kuletwa kwa gari au mkokoteni kuwa chanzo kilichoboreshwa, lakini hapa kwetu ni vyema pia kuuliza muuzaji anachota wapi. Ukiyachanganya na "bomba", hutawapata wanaotumia fedha nyingi kwa maji.

Mtego wa saa: mtu akikwambia "naondoka saa kumi na moja narudi moja", ni saa za Kiswahili na ni saa mbili nzima. Asubuhi hiyo kwa mtindo wa saa 24 ni 05:00 hadi 07:00. Andika dakika 120, usiandike saa. Mfumo unaopokea "11" na "1" utakupa safari ya saa 10 au ya kurudi nyuma.

Kwa choo, swali linalopanga ngazi ni kama kaya inakitumia peke yake. Choo cha vigae kinachong'aa, kikitumiwa na kaya 5 za nyumba ile ya Ngamiani, ni ngazi finyu. Wenye nyumba hawalipendi jibu hili, wala baadhi ya maafisa. Msibadilishe.

## Hatua ya 7: Mengine, kwa ufupi

Makazi. Sakafu, ukuta, paa: aangalie mdodosaji, asiulize. Msongamano: watu wanaolala humo gawanya kwa vyumba vya kulala. Zaidi ya 3 kwa chumba ni msongamano.

Elimu. Andika darasa la juu alilomaliza, na madrasa iwe safu yake. Mzee aliyehitimu chuo cha Kurani lakini hakwenda shule anasoma hati ya Kiarabu vizuri, na kumwandika "hana elimu" kunakufanya uchague vibaya namna ya kumfikishia ujumbe. Kama lengo ni kujua atasoma vipeperushi, mpe sentensi moja ya Kiswahili asome.

Kazi. Tenganisha mwajiriwa wa mshahara, kibarua, aliyejiajiri, na anayesaidia kazi ya familia bila malipo. Baharia anayelipwa kwa mgao wa samaki, wengi humwandika "ameajiriwa" kwa sababu ana tajiri. Amueni msimbo wake mapema.

Bima. Uliza aina (NHIF, CHF iliyoboreshwa, bima binafsi, msamaha, hana) kisha iangalie kadi yenyewe tarehe ya mwisho. Kuwa na kadi na kuwa na kadi hai ni safu mbili.

Ulemavu. Usiulize "Kuna mlemavu humu?". Tumia maswali sita ya Kundi la Washington: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu ni manne, na mtu anahesabiwa pale angalau jambo moja linapokuwa "ugumu mkubwa" au "hawezi kabisa".

## Hatua ya 8: Sasa ndipo misimbo ya kimataifa

Tenganisha vitu vitatu: jibu la swali, tatizo lililothibitishwa, na huduma iliyotolewa. Mradi wa Gravity wa Marekani, wa kusanifisha data za hali ya maisha, ulioanza mwaka 2019, umejenga kazi yake juu ya utengano wa aina hiyo, na ni jambo la kuazima. LOINC hubeba swali na kipimo. ICD-10 hubeba tatizo.

Misimbo ya ICD-10 itakayotumika zaidi huku:

- Z55.0 kutojua kusoma na kuandika
- Z56.0 kukosa kazi
- Z58.6 upungufu wa maji ya kunywa
- Z59.0 kukosa makazi
- Z59.1 makazi duni
- Z59.4 ukosefu wa chakula cha kutosha
- Z59.5 umaskini uliokithiri
- Z60.2 kuishi peke yake
- Z75.3 kituo cha huduma kutopatikana au kutofikika

Onyo la kwanza: orodha nyingi mtandaoni ni za ICD-10-CM, toleo la Marekani. Lina misimbo kama Z59.41 ambayo haimo kwenye toleo la Shirika la Afya Duniani. Ukiinakili, mfumo wenu utaikataa, au mbaya zaidi utaipokea na hakuna mwingine atakayeielewa.

Onyo la pili: usivalishe swali msimbo wa swali lingine kwa sababu mada ni moja. Kifungu cha LOINC 88121-9 ni cha maswali mawili ya chakula yanayouliza miezi 12. Kipimo chenu kina maswali matatu na wiki nne. Hayo si mamoja. Vivyo hivyo PRAPARE (93025-5), dodoso la hali ya maisha ya wagonjwa, limejengwa juu ya mfumo wa bima na kipato wa Marekani. Angalia mpangilio wake, maswali yaache. Pasipo na msimbo unaolingana, tunga wa kwenu wenye kiambishi, kama TNG-CHK-01, na uuandike kwenye kamusi.

Kwa kila safu weka aina ya ulinganifu: SAWA, PANA ZAIDI, FINYU ZAIDI, HAKUNA. Jedwali lililojaa "SAWA" tupu halijafanywa kwa uangalifu.

Onyo la tatu: msimbo wa Z usibandikwe na kompyuta kwa jibu moja. Kaya ikipata alama 2 au zaidi za njaa, muuguzi au afisa ustawi athibitishe, ndipo Z59.4 iingie kwenye kumbukumbu za mgonjwa.

## Hatua ya 9: Geuza data ya zamani

Toa orodha ya majibu yote tofauti yaliyomo kwenye safu. Kwa maji utakuta "bomba", "BOMBA", "bmba", "uwasa", "bomba jirani", "bomba la mtaa", "1". Tengeneza jedwali la ugeuzaji lenye jibu la zamani, jibu jipya, uhakika (juu, kati, hakuna) na nani ameamua.

"BOMBA" na "bmba" ni tahajia, zigeuze. "bomba jirani" si tahajia, ni jibu lingine. Na "1" rudi kwenye dodoso la kituo kile; ukilikosa, andika HAIGEUZIKI. Data ya kina inaweza kufupishwa, iliyofupishwa hairefushwi: kaya iliyoandikwa "ana maji" hutaijua ilitembea dakika ngapi.

Ikifika theluthi ya safu ni HAIGEUZIKI, safu hiyo iache nje ya ulinganisho na useme hivyo kwenye ripoti.

## Hatua ya 10: Jaribu kwenye kaya 30

Chagua kaya 15 za mjini na 15 za pwani au mashambani. Wadodosaji wawili waiulize kila kaya kwa siku tofauti, wakipishana siku 2 au 3, bila kuoneshana majibu.

Usiridhike na asilimia ya kukubaliana. Tuseme kwenye njaa wote wawili wamesema "ipo" kwa kaya 5, "haipo" kwa 21, wakatofautiana kwa 4, kila mmoja akiona 2 ambazo mwenzake hakuziona. Wamekubaliana kwa 26 kati ya 30, karibu asilimia 87. Lakini kwa kuwa kaya nyingi hazina njaa, kubahatisha tu kungewapa asilimia 64 (kila mmoja ameona njaa kwa kaya 7 kati ya 30, hivyo 7/30 × 7/30 + 23/30 × 23/30 = 0.642). Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano, inaondoa bahati hiyo: (0.867 − 0.642) ÷ (1 − 0.642) = 0.63. Chini ya 0.6 rudi ukarekebishe swali au mafunzo. Kaya zilizotofautiana ziendee na uulize kwa nini. Mara nyingi utarudi na jibu linalofanana na lile la chai.

## Hatua ya 11: Ingiza DHIS2

Majibu ya kuchagua yaingie kama seti za chaguo (orodha za majibu zilizowekwa tayari), wala yasiwe maandishi huru. Jina la chaguo linaweza kurekebishwa baadaye. Msimbo wake usiguswe, na kwenye faili la kuingiza uandikwe vilevile, herufi kubwa na ndogo.

Kwenye taarifa za jumla (namba zilizojumlishwa kwa kituo), DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka uweke alama ya kuhifadhi sifuri kwenye kipengele cha data husika. Usipoiweka, kituo kilichoripoti kaya 0 zenye njaa kali kitafanana na kituo ambacho hakikuripoti kabisa. Iweke kabla ya mwezi wa kwanza, maana sifuri zilizopotea hazirudi zenyewe.

Ripoti za mtaa au kitongoji zisioneshe idadi iliyo chini ya 5. Kitongoji cha kaya kumi na mbili kikiandikwa "kaya 1 yenye njaa kali", kila mtu anaijua ni ya nani.

## Hatua ya 12: Mabadiliko yaende kwa toleo

Swali likibadilika hata neno moja, toleo linapanda, kutoka 1.0 hadi 1.1, na kila mstari wa data unabeba namba ya toleo lake. Chaguo jipya la jibu likiongezwa, panda hadi 2.0, na kwa robo mwaka moja vituo viwili viulize matoleo yote mawili kwa kaya zilezile ili mpate jedwali la kugeuzia.

Kamusi ikae na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuibadilisha, na nakala iliyochapishwa ibandikwe kila kituo, karibu na vitabu vya MTUHA (rejesta za taarifa za huduma za afya). Ya zamani iondolewe ukutani siku hiyohiyo mpya inapobandikwa.